Sungura wa Bibi Doroti

Enzi zetu, sisi tulioletwa Amerika tungali na meno ya utoto, hakuna aliyehitaji simu imwambie kwamba baridi imekwisha. Siku hizi binti yangu huchungulia kioo cha simu, akatangaza kwa Kiingereza kwamba leo majira ya kuchipua yameanza rasmi, akameza kidonge cha mafua ya maua, kisha akajifunika tena blanketi. Jamani! Sisi tulijua kwa pua. Theluji ikishayeyuka pale Shively, pembeni mwa Louisville, udongo ulinukia kama chungu kipya kilichotiwa maji, na kabla hujamaliza kuunusa Mama alikuwa ameshakushikisha ndoo.

Mpaka leo majira hayo hutufikia kwa zamu. Mama huanza kupiga simu kutoka Louisville, anatamba kwamba vitunguu vyake vimesimama. Mimi hapa Whitehall, Columbus, ndiyo kwanza naona vichwa vya maua vikichungulia kando ya maegesho ya magari. Mdogo wangu Fidele, aliyejipeleka mwenyewe Buffalo kufuata kazi ya kiwandani, anakuwa bado anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Mama humcheka bila huruma. "Mwanangu, huko ulikokwenda hata Mungu hufika mwezi wa sita." Fidele hununa, halafu anauliza mchicha umeota kiasi gani.

Lakini mwaka wetu wa kwanza haukuwa na ndoo wala majigambo. Tulifika Septemba tukitokea kambini Kigoma. Huko ndiko tulikozaliwa mimi na Fidele, na ndiko Mama, Mrundi aliyekulia ukimbizini, alikokuwa na bustani nyuma ya nyumba yetu ya matope. Ilikuwa ndogo, lakini watu walikuja kuitazama. Aliinywesha maji ya kuoshea vyombo, akaisemesha, akaigombeza ikichelewa kuota. Louisville tukapokewa na baridi. Miti ikapukutisha majani yote, na Mama naye akanyamaza. Alikaa kwenye kiti kando ya hita, kitenge begani, macho dirishani, na Baba akirudi alfajiri kutoka kazini ghalani anamkuta pale pale. Aliacha kuimba. Mwanamke aliyekuwa akiimba hata akimenya muhogo! Nilikuwa na miaka kumi, na kile kiti nilikiogopa kuliko mbwa wa jirani.

Machi ikaja. Mti wa mbele ya nyumba ukatoa maua ya rangi ya waridi juu ya matawi makavu, bila jani hata moja. Mama akainuka kitini, akausogelea dirishani.

"Huu nao una haraka gani? Umevaa kofia kabla ya suruali!"

Tulicheka mpaka tukakohoa, maana ilikuwa muda mrefu hatujamsikia akitania. Jioni ile ile akamgeukia Baba. "Baba Odeta, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa hapa baridi nzima. Jembe langu liko wapi?" Baba alimtazama, akacheka peke yake, akaenda kuvaa viatu.

Jembe lenyewe halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa Bibi Doroti. Huyu alikuwa mjane wa Kimarekani, mwenye nyumba yetu na nyumba ya jirani alimokuwa akiishi, na ua wa nyumba zote mbili ulikuwa mmoja, hauna uzio katikati. Hakuwa mtu mbaya. Siku ya kwanza tu alituletea keki. Ila alikuwa na nyasi zake, na nyasi zile zilikuwa ndoa yake ya pili. Alizikata, akazichana, akazinywesha. Baba alinichukua nikawe mkalimani, nikasimama barazani kwake, nikamweleza kwamba mama yangu anaomba kulima. Alifikiri sana. Mwishowe akatupa kipande chenye upana wa mkeka mmoja, kwa urefu wote wa ukuta wa nyuma, kwa sharti moja: bustani ikileta matatizo, nyasi zinarudi.

Sasa sikilizeni kisa cha jembe. Baba alinunua jembe dukani, mpini mrefu mpaka kidevuni. Mama akalitazama. "Hili ni la kulimia au la kutungulia maembe?" Baba akachukua msumeno, akalikata mpini likawa jembe la watu, la kuinamia. Bibi Doroti alipochungulia asubuhi akamwona Mama amepinda mgongo na kijembe kifupi, moyo ukamuuma. Masikini, jembe lao limevunjika! Akaingia stoo, akatoa jembe la marehemu mumewe, zuri, mpini unang'aa, akamkabidhi Mama kwa mikono miwili. Mama akapiga goti kidogo, akashukuru. Kesho yake Bibi Doroti akachungulia tena. Loo! Baba alikuwa ameshalikata na hilo. Nakumbuka uso wa yule bibi mpaka leo. Alirudi ndani taratibu akafunga mlango.

Na kulima tulilima. Watoto wa siku hizi wakisikia neno bustani wanafikiri ni kile kiboksi cha mbao chenye udongo wa mfuko, na glavu juu. Sisi nyasi za Bibi Doroti zilikuwa na mizizi kama mkeka ulioshonwa. Jumamosi wakaja akina mama wa kanisani, Warundi na Wakongo, na watoto mgongoni, wakaja kufanya ikibiri. Ndivyo tunavyoita kwa Kirundi: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Walipanga mstari, wakapiga jembe kwa wimbo, na sisi watoto tukakung'uta udongo kwenye mizizi mpaka pua zikawa nyeusi. Mama aliimba. Alianza kwa sauti ndogo, akajikohoza, kisha akapasua. Baba, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku, alitoka na fulana yake, akasimama tu mlangoni akisikiliza. Mimi nililia, nikasingizia vumbi.

Aprili mvua ilipopiga Mama akapanda maharage siku hiyo hiyo. Bibi Doroti akatoka barazani akipunga mikono, anasema jambo kuhusu farasi. Nikatafsiri: anasema hupandi kabla farasi hawajakimbia. Mama akanitazama. "Farasi na maharage, wapi na wapi? Mwambie sisi tunafuata mvua." Yakaota, na wiki haikwisha tangu yachomoze, ikaanguka barafu, maharage yakalala chini yote, meusi. Kumbe pale Louisville kuna mashindano ya farasi mwanzoni mwa Mei, na wazee wote wa mji hupanda baada ya hapo. Mama alipanda upya farasi walipokwisha kukimbia, kimya kimya, na tangu hapo msemo umebaki nyumbani kwetu. Hata Fidele alipotaka kumchumbia mkewe mapema mno, Mama alimuuliza kama farasi wameshakimbia.

Mei ile, nyie! Bibi Doroti alikuwa na maua ya kila namna: tulipu zimemalizika, mengine ya zambarau yenye ndimi za njano, mengine makubwa ya rangi ya waridi yaliyolemewa na vichwa vyao mpaka yakalala chini mvua ikinyesha. Mama aliyazunguka yote, mikono nyuma, na kwa kila ua alikuwa na swali moja tu. "Hili linaliwa?" Haliliwi. "Na hili?" Haliliwi. Alisikitika kweli kweli. Ardhi yote ile, mbolea yote ile, na hakuna hata cha kutia chunguni.

Ndipo Bibi Doroti akanunua vikapu vya kuning'iniza. Alivitundika barazani kwake, vimejaa majani yanayomwagika mpaka chini, mengine ya zambarau, mengine ya kijani cha limau. Mama alikuwa anapita na ndoo. Akasimama. Akashika jani, akaligeuza, akalinusa.

"Odeta! Njoo uone! Matembele!"

Na haki ya Mungu yalikuwa matembele, majani ya viazi vitamu, tena laini. Kumbe Wamarekani huyapanda kama maua, wayatazame tu. Mama alifurahi, akamsifu Bibi Doroti kwa sauti: kumbe mwanamke huyu ana akili, ameweka mboga karibu na mlango! Na kambini, anayekua na adabu anajua sheria ya matembele. Jani haliombwi. Unapita kwa jirani, unachuma ncha mbili tatu, hung'oi mzizi, naye akipita kwako anachuma. Kuomba ni kama kumwambia jirani kwamba ni mchoyo. Kwa hiyo kila jioni Mama alipita barazani, akasalimia kwa Kirundi hata kama hakuna mtu, akachuma ncha laini, akazitia kwenye kitenge. Akazipika kwa karanga na nyanya, na ugali. Mnanisikia? Sijala chakula kitamu vile tena maishani, na nimejaribu.

Bibi Doroti akaona vikapu vyake vimekatwa ncha. Akanijia mimi na Fidele, uso umekunjamana: kuna sungura anakula maua yake, tumeona sungura? Tulikuwa tumemwona, kwa kweli, mmoja mwenye mkia mweupe, tukasema ndiyo. Masikini sungura. Bibi Doroti akatangaza vita. Kwanza alinunua bundi. Bundi wa plastiki, macho ya njano, akamweka barazani. Mama alipomwona aliangusha ndoo. Bundi mlangoni, mchana kweupe? Nyumbani kwetu bundi akilia juu ya paa watu huanza kuhesabu wagonjwa. Jioni hiyo Baba alisali sala ndefu mpaka ugali ukapoa, na Mama hakukaribia baraza ile siku kadhaa. Bibi Doroti akafurahi, sungura amekimbia! Kisha Fidele akampiga bundi jiwe, bundi akatoa mlio wa ndoo tupu. Mama akamsogelea, akamgonga kichwani kwa kidole, akasonya. Jioni hiyo tulikula matembele.

Basi Bibi Doroti akanyunyiza pilipili ya unga. Mama akachuma, akaosha, akaonja, akatikisa kichwa kwa heshima. "Jirani yetu ana roho nzuri. Safari hii ametia na pilipili."

Tulicheka sana hapo, lakini kicheko kilikatika siku Bibi Doroti aliposimama kwenye bustani yetu, mikono kiunoni. Alinitazama kwa huruma, ndiyo maana nikaogopa. Alisema sungura wanafuata maharage yetu, na wakimaliza kuchungulia huku wanapandia barazani kwake. Alisema anasikitika, ila sharti ni sharti. Jumamosi mtu wa mashine angekuja kuligeuza lile tuta na kurudisha nyasi. Nilitafsiri neno kwa neno. Maharage yalikuwa yameanza kukwea vijiti, mchicha ulikuwa unafika vifundoni. Mama aliweka jembe ukutani, akaingia ndani, akakaa kwenye kile kiti. Hita ilikuwa imezimwa siku nyingi, lakini alikaa pale pale.

Ndugu zangu, kosa lilikuwa langu. Kwa sababu mimi nilijua. Nilikuwa nimesikia neno sungura mara nyingi kwa Kiingereza, lakini sikuwahi kulitafsiri, niliona ni mambo ya yule bibi na wanyama wake. Nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, yale majani ya barazani anasema yanaliwa na sungura."

"Sungura gani?"

Nikamtazama tu. Fidele naye akamtazama. Mama akatutazama mmoja mmoja, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. "Yebaba we!" Nilidhani analia, mabega yanatikisika vile. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka humo humo.

Baba alishauri tunyamaze, tusije tukatolewa nyumba. Mama akasema thubutu. "Sungura wa watu asingiziwe, na mimi nimo ndani nashiba?" Akajifunga kitenge kipya. Akasonga ugali mdogo, akapasha matembele ya jana, yale yale ya pilipili, akaweka kwenye sahani tuliyoletewa nayo keki, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Tukavuka ua, yeye mbele, mimi nyuma.

Bibi Doroti alifungua mlango. Mama akamkabidhi sahani, akasimama wima, akasema:

"Mwambie sungura ni mimi."

Nikasema. Bibi Doroti hakuelewa, nikarudia, nikaonyesha vikapu, nikaonyesha sahani, nikaonyesha mama yangu. Akatazama vikapu. Akatazama sahani. Kwanza alishtuka, akauliza kama tumeumwa, kama tumekula majani yale kwa wingi. Mama akasema mwambie kwa wingi sana. Bibi Doroti akashika kifua, akamshukuru Mungu kwamba hakuwa ametia dawa nyingine yoyote. Kisha akauliza, polepole, "Na pilipili?"

Nikatafsiri. Mama akafikiri, akajibu kwa unyenyekevu kwamba pilipili ilikuwa nzuri, ila chumvi ilipungua.

Basi! Yule bibi alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Alicheka akakaa chini, Mama naye akakaa, wakacheka pamoja, hawana hata neno moja wanaloelewana. Nikapata nafasi ya kumweleza sheria ya matembele, kwamba anayechuma ncha anampenda jirani, na jani likichumwa moja yanatoka mawili. Akainuka kuvikagua vikapu vyake, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara, kwa jirani aliyenunua vikapu duka lile lile. Vya jirani yule vilikuwa vimerefuka nyuzi nyuzi, vina upara juu. Vyake vilikuwa vimeshonana, vimejaa, hakuna mtaa mzima wenye vikapu kama vile. Alikula matembele pale pale barazani, kwa uma, na ugali akaumaliza.

Jumamosi mtu wa mashine alikuja kweli. Tulisikia ngurumo, Fidele akakimbilia dirishani akapiga kelele. Bibi Doroti alikuwa amesimama katikati ya nyasi zake, amevaa kofia ya majani, anamwelekeza. Na mtu yule hakuligusa tuta letu. Alilima nyasi. Alilima kutoka ukuta wetu mpaka ukuta wake, ua mzima, udongo mweusi ukageuka juu, na Mama akatoka bila viatu akasimama humo ndani akipiga vigelegele mpaka mbwa wote wa mtaa wakaitikia. Majirani walitoka nje. Akina mama wa kanisani wakaja na majembe yao mafupi. Tulipanda mchicha, maboga, nyanya chungu, na katikati, kwa heshima ya mwenye ua, mistari ya maua yasiyoliwa. Kile kiti Baba alikitoa nje siku hiyo, Mama akakitumia kukaa akichambua mboga, na ndani hakikurudi tena.

Miaka imekwenda. Bibi Doroti alipoishiwa nguvu alihamia kwa binti yake, akatuuzia ile nyumba tuliyokuwa tunapanga, na vikapu akaviacha kwa Mama, na bundi pia. Mimi nina watoto wawili wanaojua majina ya mboga kwa Kiingereza tu, na wanadhani mchicha huzaliwa ndani ya mfuko wa plastiki, umeoshwa tayari. Nikiwaambia wachume, wanauliza kama tumeomba ruhusa. Si kosa lao. Hapa kwenye fleti zetu sijui hata jina la anayeishi juu yangu, nasikia tu viatu vyake. Enzi zetu jirani alikuwa anakukasirikia uso kwa uso, mnaelewana. Siku hizi anaandika malalamiko kwenye simu, na wewe unayasoma, nanyi mmetenganishwa na ukuta mmoja tu.

Mei hii, farasi walipokwisha kukimbia, niliwachukua watoto tukateremka Louisville kumsaidia Mama kupanda. Fidele naye akaja na familia yake kutoka Buffalo, bado wamevaa makoti, tukawazomea. Asubuhi mwanangu akatoka barazani, akarudi mbio.

"Bibi, kuna mtu anaiba maua yako!"

Tukatoka wote. Vikapu vya Mama vilikuwa vimekatwa ncha, safi, jani jani, mizizi haikuguswa. Fidele akasema ni sungura. Mama aliinama, akalipima kovu la jani kwa ukucha, kisha akanyoosha mgongo akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba iliyokuwa tupu baridi yote. Dirishani kulikuwa na pazia jipya la kitenge.

Uso wake uling'aa, nawaambieni, akarudia umri wa mwaka ule wa kwanza.

"Wamefika lini hawa?" akauliza. Hakuna aliyejua. Akaingia stoo, akatoka na lile jembe la marehemu mume wa Bibi Doroti, lenye mpini mfupi, akalipangusa kwa upindo wa kitenge, akavuka barabara.